Chokaa Katika Udongo na Mawe: Jinsi ya Kuijua na Kuipima

Somo hili twaliandika kwa ajili ya wazee waongozao mitaa na vijiji, na waalimu, na kila mkulima ajuaye kusoma, hasa watu wa Mfaranyaki na pande nyingine za Songea. Habari yake ni ile chokaa ya asili iliyomo ndani ya udongo na mawe, ambayo wataalamu huiita kaboneti. Twataka kueleza ni kitu gani, hupatikana wapi, na jinsi mtu awezavyo kuijua kwa tone moja la tindikali, kisha kuipima kwa mizani hata ajue kiasi chake kwa hesabu.

Huenda msomaji akauliza, Mambo haya yatufaa nini sisi wakulima? Jibu ni kwamba yahusu fedha na chakula. Mkoa wa Ruvuma ni mmoja wa mikoa itegemewayo sana kwa mahindi katika Tanzania, lakini mashamba mengi ya pande hizi yana udongo mwekundu wenye tindikali. Tindikali ikizidi, madini ya alumini yaliyomo udongoni huyeyuka na kuumiza mizizi, nayo mizizi hubaki mifupi na minene, isiweze kushuka kutafuta maji. Tena fosforasi ya mbolea hushikwa na udongo, mmea usiipate. Basi mkulima hununua mbolea, akaitia, akaona mahindi yangali na rangi ya zambarau na mashina membamba, akadhani mbolea ni mbovu, kumbe udongo ndio mgonjwa.

Dawa ya udongo wa namna hiyo ni chokaa. Lakini mtu akienda kuinunua ataonyeshwa unga mweupe katika mfuko, na weupe peke yake si ushahidi. Unga wa chokaa ni mweupe. Udongo mweupe wa kupakia nyumba ni mweupe. Jasi ni nyeupe. Na mawe mengine yaliyosagwa ni meupe pia. Mtu asiyejua kupima hununua kwa macho, na macho katika jambo hili hayatoshi. Ajuaye kupima hawezi kudanganywa, tena aweza kumsaidia jirani yake.

KABONETI NI NINI

Kaboneti ni chumvi ambayo ndani yake imefungwa hewa ya ukaa, yaani ile hewa tuitoayo kwa pumzi. Kaboneti iliyo nyingi kupita zote katika mawe ni ya kalsiamu. Ndiyo iliyofanya mawe ya chokaa, matumbawe ya baharini, makombe ya chaza, magamba ya konokono na maganda ya mayai. Iko nyingine yenye kalsiamu na magnesiamu pamoja, na jiwe lake huitwa dolomaiti. Iko tena ya sodiamu, nayo ndiyo iliyomo katika magadi ambayo akina mama hutia katika maharagwe ili yaive upesi.

Tabia ya kaboneti zote ni moja: zikikutana na tindikali, ile hewa iliyofungwa hufunguliwa, ikatoka kwa mapovu. Aliyelichunguza jambo hili kwa mizani mwanzoni ni mganga wa Uskoti, Joseph Black, ambaye alichapisha habari za majaribio yake mwaka 1756. Aliona ya kuwa kitu cha namna hii kikichomwa, au kikitiwa tindikali, hupungua uzito, akatambua kwamba uzito uliopotea ni wa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Vipimo vyote tutakavyoeleza vyasimama juu ya jambo hilo moja, ama twatazama mapovu, ama twapima uzito uliopotea, ama twapima ujazo wa hewa iliyotoka, ama twapima tindikali iliyotumika.

MAHALI IPATIKANAPO

Pwani yetu imejaa kaboneti. Majumba na misikiti ya kale ya Kilwa Kisiwani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, na hata leo kuta zake zikitiwa tone la tindikali hutoa povu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, kilijengwa hapo kwa sababu ya mawe ya chokaa ya kilima hicho. Kwa upande wa magharibi yetu, mawe ya chokaa yako Songwe karibu na Mbeya, ambako chemchemi za maji ya moto zimeyaweka tabaka juu ya tabaka, nayo hulisha kiwanda cha saruji. Karibu na hapo uko mlima Panda, ambao mawe yake ya kaboneti yalitoka chini ya ardhi yakiwa moto kama yatokavyo mawe ya volkeno. Na huko kaskazini, mlima Oldoinyo Lengai hutoa lava yenye kaboneti ya sodiamu, kitu kisichoonekana katika volkeno nyingine yoyote itokayo moto siku hizi.

Songea si hivyo. Mto Ruvuma huanza katika milima ya Matogoro, karibu na mji, na mvua za tangu Novemba hata Aprili huinyeshea nchi hii mwaka kwa mwaka. Maji ya mvua yana tindikali kidogo sana, kwa kuwa huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni. Yakipita udongoni kwa muda wa maelfu na maelfu ya miaka huyeyusha chokaa na kuichukua mpaka mitoni na baharini. Kinachobaki ni udongo mwekundu wenye kutu ya chuma na alumini. Kwa hiyo mwalimu wa Mfaranyaki akichukua udongo wa shamba la juu mlimani na kuutia tindikali, mara nyingi hataona povu lolote. Asivunjike moyo, maana kutoona kitu nako ni jibu.

Hata hivyo yako mahali pa kuangalia. Udongo wa kichuguu mara nyingine huwa na chokaa hata kama shamba linalokizunguka halina, kwa kuwa mchwa huleta udongo wa chini juu, na maji hukauka humo yakiacha chumvi zake. Katika mbuga za udongo mweusi wa nchi kavu zaidi, mtu huona vikokoto vyeupe vya chokaa. Ndiyo sababu haifai kuchanganya udongo wa mahali mbalimbali katika mfuko mmoja. Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alieleza mwaka 1935 jinsi udongo unavyobadilika kwa utaratibu tangu kilimani hata bondeni, na mpango huo akauita katena, yaani mnyororo. Kilima, mteremko na bonde ni pingu tatu za mnyororo mmoja, na kila moja yapasa kupimwa peke yake.

KUCHUKUA SAMPULI

Sampuli ni sehemu ndogo ichukuliwayo ili isimame badala ya yote. Ikichukuliwa vibaya, kipimo kizuri namna gani hakitaleta jibu la kweli. Fanya hivi:

1. Ligawe shamba kwa kadiri ya udongo wake: wa juu, wa mteremko, wa bondeni. Kila sehemu iwe na ndoo yake safi.

2. Tembea kwa kupinda kama nyoka, ukichimba mahali 15 au 20. Ondoa majani ya juu, chimba hata sentimita 20, ukate kipande cha udongo tangu juu hata chini.

3. Usichukue mahali palipochomwa moto, wala palipomwagwa majivu, wala penye kichuguu, wala penye njia au zizi, wala karibu na ukuta uliopakwa chokaa. Majivu ya kuni yana kaboneti, nayo yatatoa povu ambalo si la udongo.

4. Changanya yote vizuri ndani ya ndoo, yamwage juu ya turubai safi, gawa mafungu manne, tupa mafungu mawili yanayokabiliana, changanya yaliyobaki, gawa tena, hata ibaki yapata nusu kilo.

5. Anika kivulini mpaka udongo ukauke kabisa. Twanga madonge, chekecha, ondoa mizizi, changarawe na magamba ya konokono.

6. Andika karatasi yenye jina la mahali, kina, na tarehe, uitie katika mfuko. Sampuli isiyo na maandishi ni mchanga tu.

Kwa mawe, usipime uso wa nje uliooza kwa mvua. Vunja jiwe kwa nyundo, chukua kipande cha ndani, ukisage kiwe unga. Kwa chokaa ya mfukoni, chota juu, katikati na chini ya mfuko. Na kama mifuko ni mingi, chota katika michache iliyochaguliwa bila kupendelea.

KIPIMO CHA KWANZA: TONE LA TINDIKALI

Kipimo hiki hutumika shambani. Wataalamu hutumia tindikali ya haidrokloriki iliyopunguzwa nguvu hata asilimia 10. Mwalimu wa sayansi aweza kuipata katika maabara ya shule. Katika kuipunguza nguvu, daima mimina tindikali ndani ya maji, polepole. Usimimine maji ndani ya tindikali kali, kwa maana hupata moto ghafula na kuruka machoni. Vaa miwani, na maji mengi yawe karibu. Watoto wasiachiwe kuigusa.

Weka udongo kidogo juu ya kisahani, ulowanishe kwanza kwa maji ili hewa iliyomo kati ya chembe itoke, kisha tia matone machache. Tazama, na tega sikio:

Kama hakuna povu wala sauti, hakuna kaboneti ya kuonekana.

Kama husikia mchirizo sikioni lakini huoni povu, kaboneti ipo, lakini haifiki sehemu 2 katika 100.

Kama waona mapovu, ni kati ya sehemu 2 na 10 katika 100.

Kama mapovu yafanya tabaka la chini la povu, ni kati ya 10 na 25.

Kama povu laumuka upesi na kuwa zito, ni zaidi ya 25.

Asiye na tindikali ya maabara aweza kutumia siki au maji ya ndimu. Nguvu yake ni ndogo, basi unga uwe laini, na mtu angoje kidogo. Chokaa halisi na ganda la yai vitatoa povu hata kwa siki. Lakini maji ya betri ya gari yasitumiwe kabisa. Hiyo ni tindikali ya salfuriki. Huunguza ngozi na nguo, na ikikutana na chokaa hufanya jasi juu ya chembe, ikazifunika, povu likakoma kabla ya wakati wake. Hivyo ni hatari, tena hudanganya.

YANAYODANGANYA

Kila kipimo kina wadanganyifu wake, na mpimaji mwema huwajua kwa majina.

Magadi. Haya hutoa povu kwa nguvu kama chokaa, lakini si dawa ya shamba, kwa kuwa sodiamu yake huharibu udongo. Kuyatambua ni rahisi: tia unga katika maji mengi, koroga, acha utulie, mimina maji, na rudia mara mbili tatu. Magadi huyeyuka na kwenda na maji. Chokaa hubaki chini. Kilichobaki kikitoa povu bado, ni chokaa.

Dolomaiti. Jiwe hili ni zuri kwa shamba, tena lina magnesiamu, lakini hutoa povu kivivu sana likiwa kipande. Lisage kwanza, au pasha tindikali moto kidogo. Mtu mwenye haraka hulitupa akidhani ni jiwe bure.

Chokaa iliyochomwa. Jiwe la chokaa likichomwa katika tanuu, hewa ya ukaa hutoka na kwenda zake. Kwa hiyo chokaa mpya ya waashi haina povu, au ina povu dogo, ingawa nguvu yake ya kuondoa tindikali ni kubwa kupita jiwe lenyewe. Ikimwagiwa maji hupata moto, na huunguza ngozi na macho. Ikiachwa wazi hunyonya hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa kaboneti. Ndiyo sababu lipu ya chokaa huwa ngumu ukutani.

Mbolea ya CAN. Punje zake nyingi huchanganywa na chokaa kiwandani. Udongo uliochukuliwa mara baada ya kutiwa mbolea hiyo waweza kutoa mapovu ambayo kesho hayapo.

Jasi na udongo mweupe. Hivi havitoi povu. Jasi ina kalsiamu, lakini haiondoi tindikali ya udongo kama chokaa ifanyavyo.

KIPIMO CHA PILI: MIZANI

Tone hutuambia kama kaboneti ipo. Mizani hutuambia ni kiasi gani. Kipimo hiki chafaa zaidi kwa mawe na unga wa chokaa, ambamo kaboneti ni nyingi. Chahitaji mizani ya shule ipimayo hata sehemu ya 100 ya gramu, chupa ya maabara, kichupa kidogo, pamba, na tindikali ya asilimia 10.

Msingi wa hesabu ni huu: gramu 100 za kaboneti ya kalsiamu hutoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Basi uzito uliopotea, ukizidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 44, ndio uzito wa kaboneti.

Pima gramu 10 za unga mkavu. Tia mililita 100 za tindikali katika chupa. Weka chupa, tindikali, unga (ungali katika kichupa chake) na pamba, vyote pamoja juu ya mizani, uandike uzito. Kisha mwaga unga ndani ya tindikali kidogo kidogo, ukifunika mdomo wa chupa kwa pamba bila kukaza, ili matone yasiruke nje. Tikisa polepole mpaka mapovu yaishe kabisa. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo hukaa ndani ya chupa kama maji ndani ya kikombe. Basi ipulize nje kwa bomba dogo la hewa kavu, na utikise tena ili iliyoyeyuka katika maji nayo itoke. Rudisha vyote juu ya mizani, pamoja na kichupa kitupu na pamba, uandike uzito mpya.

Tuseme uzito umepungua kwa gramu 3.30. Zidisha kwa 100, upate 330. Gawa kwa 44, upate 7.50. Ndiyo kusema katika gramu 10 za unga zimo gramu 7.50 za kaboneti, yaani sehemu 75 katika 100. Zilizobaki 25 ni mchanga au udongo. Rudia kipimo mara mbili zaidi. Majibu matatu yakikaribiana, yaamini. Yakiachana mbali, tafuta kosa kabla ya kumwambia mtu neno.

KIPIMO CHA TATU: UJAZO WA HEWA

Kwa udongo wenye kaboneti kidogo, uzito unaopotea ni mdogo mno hata mizani ya shule haiuoni. Hapo twapima ujazo wa hewa badala ya uzito. Katika karne ya 19 mtaalamu wa Ujerumani, Scheibler, alifanya chombo kwa kazi hii, na vyombo vya namna yake hutumika katika maabara mpaka leo. Mwalimu aweza kufanya cha namna hiyo kwa chupa yenye kizibo kilichotobolewa, bomba la mpira, beseni, na silinda ya kupimia iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Maji hayo yatiwe chumvi nyingi na matone ya tindikali, maana maji matupu huinywa hewa ya ukaa.

Udongo huwekwa ndani ya chupa. Tindikali huwekwa katika kichupa kidogo kilichosimamishwa humo humo. Funga kizibo sawasawa, kisha inamisha chupa ili tindikali imwagike. Hewa hupita katika bomba na kusukuma maji katika silinda. Soma ni mililita ngapi.

Hapa yapo mambo ambayo mtu wa Songea yampasa kuyajua. Vitabu husema kwamba gramu 1 ya kaboneti safi ya kalsiamu hutoa yapata mililita 240 za hewa. Hiyo ni kweli pwani, usawa wa bahari, katika joto la nyuzi 20. Lakini Songea iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na hewa ya juu ina mkandamizo mdogo. Hewa isiyokandamizwa sana hutanuka; kwa hiyo gramu ile ile, ikipimwa Mfaranyaki, itatoa yapata mililita 270 hata 280. Mtu akitumia hesabu ya kitabu bila kufikiri atapata kaboneti nyingi kuliko iliyopo.

Dawa yake si ngumu. Kila siku ya kupima, anza na kaboneti safi ya maabara, gramu 0.20, uone yatoa mililita ngapi hapo hapo ulipo. Kisha linganisha udongo na hiyo. Tuseme kaboneti safi imetoa mililita 55, na gramu 2 za udongo zimetoa mililita 11. Kumi na moja ni sehemu moja ya tano ya 55. Basi kaboneti iliyomo udongoni ni sehemu moja ya tano ya gramu 0.20, yaani gramu 0.04. Katika gramu 2 za udongo, hizo ni sehemu 2 katika 100. Kwa njia hii kimo cha nchi, joto la siku, na hata upungufu mdogo wa chombo hujirekebisha vyenyewe.

KIPIMO CHA NNE: TINDIKALI ILIYOBAKI

Mkulima hanunui chokaa kwa ajili ya mapovu yake, ila kwa nguvu yake ya kuondoa tindikali. Kipimo cha nne hupima nguvu hiyo yenyewe. Gramu 1 ya chokaa hutiwa katika mililita 50 za tindikali ya haidrokloriki ya nguvu ya nusu moli kwa lita, hupashwa moto polepole, hupozwa, kisha tindikali iliyobaki huondolewa kwa magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi, ya nguvu sawa, yakidondoshwa tone kwa tone hata dawa ya rangi igeuke. Kazi hii ni ya maabara, isifanywe nyumbani. Kila mililita 1 ya tindikali iliyotumika ni sawa na gramu 0.025 za kaboneti ya kalsiamu. Kama magadi yaliyohitajiwa ni mililita 18, tindikali iliyotumika ni 50 kutoa 18, yaani 32. Na 32 mara 0.025 ni gramu 0.80, yaani sehemu 80 katika 100.

Kwa kipimo hiki kaboneti safi ya kalsiamu huhesabiwa 100. Dolomaiti safi hufika 109, chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji 135, na chokaa iliyochomwa isiyozimwa 179. Ndiyo sababu chokaa hizi hazitiwi shambani kwa kiasi kimoja.

TUFANYE NINI BAADA YA KUPIMA

Kwanza, tusiseme zaidi ya kipimo. Udongo usiotoa povu hauna kaboneti, lakini hatujajua bado kama tindikali yake ni nyingi au chache. Hilo hujulikana kwa kipimo kingine kiitwacho pH. Udongo ukiwa chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi. Ukiwa 6 au 6.5, mahindi hustawi. Mashamba mawili yaweza yote kukosa povu, moja likahitaji chokaa nyingi na jingine lisihitaji kabisa. Kwa hiyo kabla ya kutia chokaa, peleka sampuli kwa bwana shamba au bibi shamba ili ifike maabara. Vituo vya utafiti wa kilimo vya Uyole, Mbeya, na Mlingano, Tanga, vyajulikana kwa kazi hiyo. Kutia chokaa kupita kiasi ni hasara mara mbili, ya fedha na ya shamba, maana madini kama zinki na chuma hujificha mmea usiyapate.

Pili, kipimo cha povu chatufaa zaidi katika kuhakikisha chokaa yenyewe. Kikundi cha wakulima kikitaka kununua mifuko mingi, kichukue sampuli mbele ya muuzaji, kwa adabu, na tone litiwe watu wote wakiona. Muuzaji mwaminifu atafurahi, kwa sababu povu litamshuhudia. Tena watazame ulaini wa unga, maana punje kubwa kama mchanga hukaa miaka mingi udongoni bila kufanya kazi.

Tatu, chokaa itiwe mapema kabla ya mvua za kupandia, ichanganywe na udongo kwa jembe, isiachwe juu ili ipeperuke. Isichanganywe katika ndoo moja na mbolea ya S/A wala samadi mbichi, kwa kuwa naitrojeni itatoka na kupotea hewani. Na mtu akumbuke kwamba mbolea ya S/A, ikitiwa mwaka kwa mwaka peke yake, huongeza tindikali udongoni. Kwa hiyo shamba lililopimwa mara moja lipimwe tena baada ya miaka michache.

HESABU ZA WANAFUNZI

1. Gramu 5 za jiwe lililosagwa, zikitiwa tindikali, zimepungua uzito kwa gramu 1.98. Je, kaboneti ni sehemu ngapi katika 100?

2. Gramu 0.20 za kaboneti safi zimetoa mililita 54 za hewa. Siku ile ile, gramu 2 za udongo wa kichuguu zimetoa mililita 27. Je, kaboneti ya udongo huo ni sehemu ngapi katika 100?

3. Tuseme mfuko wa kwanza wa kilo 50 una kaboneti 90 katika 100, na bei yake ni shilingi 9,000. Mfuko wa pili wa kilo 50 una kaboneti 60 katika 100, na bei yake ni shilingi 7,500. Je, mfuko upi ni rahisi?

Majibu. La kwanza: 1.98 mara 100, gawa kwa 44, ni gramu 4.50, katika gramu 5, hizo ni 90 katika 100. La pili: 27 ni nusu ya 54, basi kaboneti ni gramu 0.10, katika gramu 2, hizo ni 5 katika 100. La tatu: mfuko wa kwanza una kilo 45 za kaboneti, kila kilo kwa shilingi 200, wa pili una kilo 30, kila kilo kwa shilingi 250. Basi ule ulioonekana kuwa na bei ndogo ndio ulio ghali, na mkulima aliyenunua mifuko 20 ya namna hiyo amekwenda nyumbani na kilo 600 za chokaa na kilo 400 za mchanga, na mchanga huo ameulipia nauli ya gari pia.